Bawa dogo mbele, propela nyuma: anza na mahali pa uzito

Mkuu, umeuliza kama ndege ya kujitengenezea yenye bawa dogo mbele na propela nyuma inamfaa mtu anayechora ndege yake ya kwanza, kwa kuwa umesikia "haianguki ghafla ikipungua mwendo". Nimehangaika na mpangilio huo miaka miwili kwa mifano ya foamu, nakujibu kwa niliyoyaona.

Sifa hiyo ni ya kweli, ila ina sharti. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa huachana na mgongo wa bawa na nguvu ya kuinua inakatika. Hapa bawa la mbele ndilo linalotakiwa kuishiwa nguvu hiyo kwanza: pua inashuka yenyewe, mwendo unarudi, na bawa kubwa halijafika kikomo chake. Burt Rutan, mbunifu wa ndege wa Marekani, aliijenga VariEze, ndege ndogo ya kujitengenezea iliyoruka mwaka 1975, juu ya wazo hilo. Lakini uzito ukikaa nyuma mno, bawa kubwa linaweza kuishiwa kwanza. Hapo pua inabaki juu na ndege inaweza kudondoka bapa, uvute usukani usivute.

Mfano wangu wa kwanza ulikuwa na bawa la nyuma la desimita za mraba 20, la mbele 4, na sentimita 70 kati yao. Niliusawazisha kwenye robo ya upana wa bawa kubwa, ukipima kutoka ukingo wake wa mbele kwenda nyuma, kama ndege ya kawaida. Tulipourusha, uliinua pua, ukasimama hewani, ukarudi kinyumenyume na kupiga mgongo kwenye nyasi. Bawa la mbele liling'oka kwenye gundi.

Hesabu niliyoiruka ni fupi. Gawanya 4 kwa 24, zidisha kwa 70: unapata karibu 12. Ukipima kutoka ile robo ya bawa kubwa kwenda mbele, sentimita 12 ndio mpaka, na uzito lazima ukae mbele yake. Tena mabawa huvurugiana hewa, na mpaka wenyewe husogea mbele kidogo, kwa hiyo niliuweka uzito kwenye 16. Sasa bawa la mbele linabeba kama asilimia 23 ya uzito kwa asilimia 17 tu ya eneo. Linafanya kazi kubwa kuliko mwenzake, ndiyo maana linachoka kwanza.

Nilihamishia betri puani, nikaibana kwa selotepu, nikaubeba mfano kwa ncha za vidole viwili kwenye alama za kalamu hadi ukatulia. Jioni ile uliruka. Nilipovuta kijiti chote nyuma, pua iliinama na kuinuka taratibu, kama abiria anayesinzia kwenye daladala.

Gharama zake zipo. Bawa kubwa haliruhusiwi kufika kikomo, kwa hiyo unatua kwa mwendo mkali na unahitaji njia ndefu. Kama kiwanja chako ni cha changarawe, magurudumu yatarusha mawe moja kwa moja kwenye propela. Na kwenye baadhi ya ndege hizi za mwanzo, mvua ikilowesha bawa la mbele, nguvu ya kuinua ilipungua na rubani akalazimika kuvuta usukani. Ndiyo maana John Roncz, mtaalamu wa maumbo ya mabawa, alichora umbo jingine la bawa la mbele kwa ajili ya Long-EZ, ndege ya Rutan iliyofuata VariEze.

Kumbuka pia rubani anakaa mbele. Akishuka, uzito unarudi nyuma, ndiyo maana ndege hizi huegeshwa zimepiga magoti, pua chini.

Weka hapa maeneo ya mabawa yako, umbali kati yao, uzito wako, na mahali tangi na injini vitakapokaa. Tupige hesabu kabla hujanunua faibaglasi.