Maswali ya Wasomaji: Gitaa la Babu na Kazi ya Fundi Isiyoonekana

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Marehemu babu yangu aliniachia gitaa la Kijerumani aina ya Höfner, lenye uso uliovimba kama kuba na matundu mawili yaliyopinda kama ya fidla, ambalo alilipiga kwa miaka mingi katika vikundi vya muziki vya huku Ng'ambo ya mji wa Unguja. Lilikuwa na ufa, uso ulikuwa umeanza kubonyea chini ya nyuzi, na kila likipigwa lilitoa mlio wa bati bovu. Nililipeleka kwa fundi niliyeelekezwa na watu wa taarab. Akakaa nalo wiki tisa, akanitoza shilingi 280,000, na aliponirejeshea nikaliona ni lile lile: mikwaruzo ipo, rangi imeondoka pale babu alipokuwa akiegesha mkono, na hata ule ufa, ukitazama kwa makini, unauona. Alinipa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: "Mgongo umefunguliwa nusu, fito mbili zimegundishwa upya, ufa umefungwa na kutiwa viraka kwa ndani, daraja limekalishwa, freti zimesawazishwa." Jirani yangu seremala ananicheka, anasema yeye angelipiga msasa na vanishi kwa siku tatu likang'aa kama jipya, kwa robo ya fedha hizo. Picha nimekuambatishia. Je, nimedhulumiwa?
Msomaji, Mikunguni, Unguja

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Hukudhulumiwa. Nimezitazama picha zako zaidi ya mara moja, na nikikueleza ninachokiona ndani yake, natumaini utamrudia fundi wako kwa shukrani badala ya malalamiko.

Gitaa la kuba si gitaa la kawaida lililotuna. Katika gitaa la kawaida uso ni ubao mwembamba ulionyooka, na daraja la nyuzi limegundishwa juu yake, kwa hiyo nyuzi zinauvuta uso kuelekea juu. Gitaa la babu yako limefuata desturi ya fidla: nyuzi zimefungwa kwenye chuma kilichoshikizwa mkiani, zinapita juu ya daraja ambalo halikugundishwa mahali popote, na zinalikandamiza daraja hilo juu ya kuba usiku na mchana. Fikra hiyo ya kuchonga uso kama wa fidla ilienezwa Marekani na Orville Gibson wa Kalamazoo, aliyepata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1898, na mwaka 1922 kampuni yenye jina lake ikatoa gitaa la L-5, lililokuwa na yale matundu yaliyopinda unayoyaona kwenye lako. Wajerumani walipolichukua umbo hilo hawakuwa wageni wa kazi yenyewe, kwani Höfner ilianza mwaka 1887 kama karakana ya fidla. Sishangai, basi, kwamba walioelewa shida ya gitaa lako na kukuelekeza kwa fundi ni watu wa taarab, ambao wameishi na fidla tangu zama za mababu zao.

Nyuzi sita za chuma zilizokazwa sawasawa huvutana kwa nguvu ya kilo 70 au zaidi, na sehemu ya nguvu hiyo hushuka moja kwa moja kwenye daraja. Uso unaoupokea mzigo huo, ukiwa umechongwa kwa mkono, una unene wa kama milimita sita katikati na hupungua hadi tatu au nne karibu na ukingo. Kinachousaidia usizame ni fito mbili zilizogundishwa kwa ndani, zinazopita chini ya miguu ya daraja. Ufito mmoja ukibanduka, hata kwa urefu wa kidole tu, mambo mawili hutokea: sehemu iliyobanduka hugongana na uso, na huo ndio mlio wako wa bati bovu, na kuba, likikosa tegemeo, huanza kubonyea, kisha hupasuka kufuata mkondo wa nyuzi za mti. Ukilipiga vanishi gitaa la namna hiyo, umeipaka rangi nyumba ambayo boriti zake zimekatika.

Sasa fikiria fundi anaingiaje ndani. Gitaa la kawaida lina tundu la duara linalopitisha mkono mzima, lakini matundu ya gitaa lako hayapitishi zaidi ya vidole viwili. Ipo kazi ambayo mafundi wa magitaa haya huifanya kupitia matundu hayo kwa kioo kidogo, taa, waya zilizokunjwa na uzi wa mshipi wa kuvulia wanaoutumia kuvutia kiraka hadi mahali pake, mfano wa mtu anayefuma wavu ndani ya chupa. Lakini fito mbili zilizobanduka haziwezi kubanwa vizuri kwa njia hiyo, na fundi wako, kwa maoni yangu, aliamua sawa alipoufungua mgongo. Ili kuufungua ilimbidi kwanza autoe ule utepe mweupe wa ukingoni bila kuuvunja. Tepe za magitaa ya zamani mara nyingi ni za seluloidi, plastiki ya zamani ambayo ikizeeka hukatika kama biskuti na ikikaribiwa na moto huwaka upesi mno, ilhali gundi iliyo chini yake haiachii bila joto. Kisu chenye vuguvugu, tone la maji, subira, kisha sentimita nyingine. Tazama picha yako ya nne, ile ya ubavuni: mahali utepe uliporudishwa pameonekana kwa kijistari chembamba kama unywele, upande mmoja tu. Mimi nilikipata kwa sababu karatasi ya fundi ilishaniambia nitafute.

Kuhusu gundi, najua jirani yako atauliza kwa nini isitumike ile ya mirija miwili inayochanganywa, ambayo haiachii hata ukipiga nyundo. Jibu ni hilo hilo, kwamba haiachii. Magitaa mengi ya zamani ya aina hii yaliunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, inayorowekwa kwenye maji, ikapashwa joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi bila kuchemshwa, na ikapakwa ingali moto. Ikikauka huwa ngumu na haitelezi chini ya mzigo, lakini kwa joto na unyevu huachia, na fundi wa miaka hamsini ijayo ataweza kulifungua gitaa bila kuupasua mti. Wewe ni mtu wa mjini, umeziona nyumba za Mji Mkongwe zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Umeona pia zile ambazo mtu alizikandika saruji akidhani anaziimarisha: unyevu ukakosa pa kutokea, na jiwe likamong'onyoka nyuma ya plasta iliyobaki nzima. Gundi kali kwenye gitaa la zamani ndiyo saruji hiyo. Nasema kwa uchungu, maana fidla yangu ya ujanani ilitengenezwa hivyo na mtu mmoja mwenye nia njema, na ilipopasuka tena haikupasuka kwenye gundi bali pembeni yake, kwenye mti mzima.

Ufa unaouona bado ni ushahidi kwamba fundi hakudanganya. Ufa wa zamani huwa umeingia vumbi na jasho, na rangi ya kingo zake haiwezi kufanana tena na mti unaouzunguka. Fundi husafisha, hugundisha, hukutanisha kingo zilale sawa, kisha kwa ndani huweka viraka vyembamba ambavyo nyuzi zake za mti zinakata ule mkondo wa ufa. Pitisha ukucha juu yake ukiwa umefumba macho; kama ukucha haukwami, kazi ni njema. Njia pekee ya kuufuta kabisa machoni ingekuwa kuukwangua uso wote na kupaka rangi mpya, na hapo, katika ubao wenye milimita tatu ukingoni, kila pigo la msasa linaondoa kitu kisichorudi. Sauti hubadilika, na mnunuzi anayejua hulishusha thamani sana gitaa lililovuliwa vanishi yake ya kwanza. Zaidi ya hayo, pale rangi ilipoondoka ndipo mkono wa babu yako ulipokuwa. Sijui ungempa seremala kiasi gani akufutie.

Katika karatasi ile maneno mawili yaliyonipendeza kuliko yote ni "daraja limekalishwa". Miguu ya daraja lazima ifuate mpindo wa kuba bila kuacha upenyo, na namna ya kuipata ni kulaza msasa juu ya gitaa, upande wa makali ukitazama juu, kisha kulisugua daraja lenyewe mbele na nyuma hadi miguu ipate umbo la uso. Kinacholika ni daraja, gitaa haliguswi. Jaribu kupenyeza kipande cha karatasi ya sigara chini ya miguu hiyo, na nadhani utashindwa.

Nina neno moja tu la kumlaumu, nalo ni dogo. Katika picha ya pili daraja limesogea kidogo kuelekea mkiani, au pengine wewe mwenyewe ulilisukuma ulipokuwa ukilifuta vumbi. Pima kutoka kile kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo hadi freti ya 12, freti zikiwa ni vile vijiti vya chuma vinavyoikatiza shingo. Kutoka hapo hadi daraja uwe urefu ule ule ukizidi kwa milimita chache, na upande wa nyuzi nene uzidi kidogo kuliko upande wa nyuzi nyembamba. Legeza nyuzi kidogo, sogeza, kaza tena. Usizitoe zote kwa pamoja, daraja litaanguka na alama ya mahali pake itapotea.

Ama bei, wiki tisa hazikuwa za uvivu. Gundi ya ngozi hupewa siku nzima ikauke chini ya vibano kabla ya hatua inayofuata, na hatua zilizotajwa hapo hazipungui sita. Mtu mwenye kazi nyingine mezani hawezi kwenda haraka zaidi, na mimi ningeogopa kama angekwenda.

SWALI: Maalim, mimi ni seremala wa Wete na nina kipande kikavu cha mpingo. Nimeletewa gitaa kama hayo mnayoyaita ya kuba, daraja lake limevunjika mguu mmoja. Mpingo utafaa?
Seremala, Wete, Pemba

JIBU: Utafaa, ndugu yangu, kwa sharti uuchonge mwembamba. Mpingo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na walimwengu huutafuta kwa ajili ya klarineti kwa sababu ya ugumu wake. Lakini daraja likiwa zito hulizuia kuba kutikisika, na sauti hufa kabla haijatoka. Chukua vipimo vya daraja lililovunjika, usizidishe unene wake hata kidogo, na utoboe uwazi katikati kama lilivyokuwa. Kabla ya hayo yote, jaribu kuugundisha ule mguu uliovunjika, kwani mara nyingi vipande huwa vingali vinakutana. Na ukishindwa ukatengeneza jipya, lile bovu litie kwenye mfuko na umkabidhi mwenyewe pamoja na gitaa. Ni mali yake, na fundi atakayekuja baada yako atataka kuliona.

SWALI: Mwalimu wangu wa muziki alinikabidhi gitaa lake la zamani, la kuba, likiwa ndani ya kasha lake. Kila nikilifungua nasikia harufu kali ya siki, nyuzi mpya zinashika kutu kwa mwezi mmoja, na ile plastiki ya rangi ya kobe iliyo chini ya nyuzi imeanza kupasukapasuka. Nimeambiwa ni hewa ya bahari. Ni kweli?
Bi. msomaji, Chake Chake

JIBU: Hewa ya bahari ina makosa yake, Bi., lakini hili silo. Chumvi haina harufu ya siki. Plastiki hiyo inaelekea kuwa seluloidi, ambayo ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokula nyuzi, freti na skrubu zote zilizo karibu, na joto letu huharakisha. Kasha lililofungwa ndilo linaloufungia mvuke huo ndani pamoja na gitaa, kwa hiyo kila ulipolihifadhi kwa uangalifu zaidi ndivyo ulivyoliumiza zaidi. Fungua skrubu zinazoshika kipande hicho, ukitoe, ukiweke kwenye bahasha ya karatasi mbali na gitaa, mbali na moto wa jiko na mbali na watoto. Usikitupe, kwa maana fundi atahitaji umbo lake ili akate kingine. Kagua kama skrubu zina ukungu wa kijani, na kama utepe wa ukingoni nao umeanza kutoa nyufa ndogo. Ukiona hivyo, mpelekee fundi kabla ya masika, kwani unyevu ukizidi mti huvimba kwa upana na utepe uliooza haustahimili. Kwa sasa liache gitaa nje ya kasha, ndani ya chumba kinachopitisha upepo, lisikabili dirisha la jua wala mdomo wa kiyoyozi, na zile nyuzi zenye kutu uzibadilishe mmoja mmoja.