Asilimia 36 si watoto 36

SWALI: Mimi ni afisa habari wa taasisi ya utafiti. Mtafiti wetu alihojiwa kuhusu chanjo ya malaria ya RTS,S, akasema ufanisi wake ni asilimia 36. Kesho yake gazeti likaandika kwamba chanjo hiyo inawaacha watoto 64 kati ya 100 bila kinga. Mtafiti ameapa hazungumzi tena na waandishi. Tumsaidieje?

JIBU: Mpeni pole, ila mwandishi msimtwishe lawama zote. Ukimpa mtu asilimia tupu, ataimalizia mwenyewe, na wengi wetu tukisikia 36 tunaona vichwa 36.

Takwimu hiyo inatokana na jaribio kubwa lililofanyika katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo kupitia vituo vya Bagamoyo na Korogwe, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Yalilinganishwa makundi. Watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne waliugua malaria pungufu kwa asilimia 36 kuliko wenzao wasiopata chanjo hiyo, kwa kipindi cha takriban miaka minne. Hakuna hesabu ya watoto 64 hapo.

Mimi ningetanguliza takwimu nyingine ya utafiti huohuo: kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa hivyo, iliepushwa malaria mara 1,774. Mwandishi atashtuka: watoto elfu moja, iweje 1,774? Mwacheni aulize, maana jibu lake ndiyo habari yenyewe. Penye malaria nyingi mtoto mmoja huugua tena na tena. Mama aliyekwenda zahanati mara ya tatu tangu masika yaanze ataelewa papo hapo. Ongezeni kwamba huo ni wastani, na kwamba vituo vya jaribio vilitofautiana sana.

Sentensi hizo ziandikeni kwa Kiswahili kabla ya mahojiano. Msipofanya hivyo, tafsiri itafanyika saa kumi na moja jioni, mhariri akiwa amesimama mgongoni mwa mwandishi.

Halafu, msidai kuisoma habari nzima kabla haijatoka. Nilipokuwa gazetini ombi hilo nililikataa kila mara. Lakini mtafiti mmoja aliniomba nimsomee kwa simu sentensi zenye takwimu tu. Nikamsomea. Nilikuwa nimeandika milioni mahali pa elfu.