Fundi Ajibu: Mashine ya Kufyekea Nyasi ya Uzi

SWALI: Nina mashine ya petroli ya kufyekea nyasi, ile ya uzi wa nailoni. Kila baada ya dakika chache uzi unakatikia ndani ya kichwa na inabidi nikifungue. Ninunue kichwa kingine?

JIBU: Usinunue kwanza. Fungua uutazame uzi wenyewe. Ukikuta mizunguko imegandana kama iliyochomelewa, umeyeyushwa na joto la msuguano. Hutokea pale ulipozungushwa ovyo ukapishana, au unapokuwa mwembamba kuliko unaotakiwa. Kipimo huwa kimeandikwa kwenye kichwa au kwenye kitabu cha mashine. Mashine nyingi za nyumbani hutumia milimita 2.0 au 2.4. Uzungushe kwa kufuata mshale ulio kwenye kichwa, ukiukaza, mzunguko kando ya mzunguko, kisha uache kama sentimita 15 zitokeze kila upande. Uzi uliokaa muda mrefu hukauka na kuwa mkavu kama ukuti. Ulaze ndani ya maji usiku mzima, kwani nailoni hunywa maji na kurudia ulaini wake.

Halafu tazama unavyofyeka, maana hapa ndipo wengi hukosea. Uzi hukata kwa ncha, sentimita 2 au 3 za mwisho. Ukiusukumiza wote ndani ya nyasi, unajipinda, unapiga badala ya kukata, na injini inalemewa. Bonyeza triga hadi mwisho kabla uzi haujagusa nyasi, kisha peleka mashine taratibu kama mtu anayefagia. Nyasi ndefu zishushe kwa awamu, kuanzia juu. Ukizikata shinani mara moja zitajisokota kwenye kichwa. Penye ukuta au nguzo, acha ncha iguse tu. Miti michanga ing'olee nyasi kwa mkono, kwa sababu uzi ukilichuna gome pande zote, mti hufa.

Tafadhali, kile kinga cha plastiki kisitolewe. Kisu kidogo kilichomo ndiyo kipimo cha uzi: bila kisu hicho uzi huwa mrefu mno, injini haifikii kasi yake na klachi inaungua. Na kamwe usiweke waya badala ya nailoni. Kipande cha waya kikikatika hutoka kama risasi.

SWALI: Oili kiasi gani kwa lita moja ya petroli? Oili ya gari inafaa?

JIBU: Haifai. Injini ya mipigo miwili huichoma oili pamoja na petroli, na oili ya gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Huacha masizi kwenye plagi na ekzosi. Tumia oili ya tustroki, yaani ya injini ya mipigo miwili. Kama kitabu kinasema 50:1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja, weka mililita 20 kwa lita. Kama ni 25:1, mililita 40. Changanya kwenye dumu la pembeni na ulitikise vizuri, wala usichanganyie kwenye tangi. Petroli tupu hukwaruza pistoni na silinda, na injini hukwama. Mchanganyiko uliopita siku 30 usiutumie, maana huacha utomvu ndani ya kabureta. Jaza injini ikiwa imepoa, na uiwashie hatua kadhaa mbali na ulipojazia.

SWALI: Nivae nini, na watoto wakae umbali gani?

JIBU: Mita 15, wao na mtu mwingine yeyote. Mtu akikaribia, zima injini, usipunguze mwendo tu. Vaa miwani ya kinga hata kwa kazi ya dakika tano, viziba masikio, suruali nzito na viatu vilivyofunika vidole. Ndara hapana kabisa. Kabla ya kuwasha pita uokote mawe, waya na chupa. Uzi ukinasa, zima, chomoa waya wa plagi, ndipo uguse kichwa.