Chuchumaa, tabasamu: ukiombwa kuingia kwenye utafiti wa mguu uliovunjika

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kutafuta miguu ya watu. Nilikuwa msaidizi wa utafiti kwenye hospitali moja huku kusini, tukifuatilia waliovunjika mfupa wa paja na wa muundi. Ukiondoa makaratasi, kazi yenyewe ni moja tu: mtu aliyetibiwa leo umpate tena baada ya wiki sita, miezi mitatu, miezi sita na mwaka. Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Mjaribu kumtafuta mtu Tandahimba mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa zinadondoka.

Juzi binamu yangu, dereva wa bodaboda hapa Mtwara, kaanguka na kuvunjika muundi. Akanipigia akiwa wodini: "Dada, wananiambia kuna utafiti, nisaini? Au wanataka kunijaribia?" Niliyomwambia ndiyo haya, nimeyapanua kidogo.

Kwanza, matibabu ya haraka hayasubiri saini. Kama mfupa umetoboa ngozi, sindano ya antibiotiki na kuoshwa kidonda ni haki yako, uingie kwenye utafiti usiingie. Fomu ya ridhaa inaweza kungoja dawa ya maumivu ishike na ndugu yako afike. Kama husomi, isomwe mbele ya shahidi ambaye si mmoja wa watafiti, ndipo uweke dole gumba. Nakala yako ondoka nayo. Na ukiamua kujitoa hata mwezi wa tano, jitoe, matibabu yako yanaendelea vilevile.

Sasa hili la "kujaribiwa". Hapa lazima nikiri kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mama mmoja kutoka Newala kwamba matibabu ya mwanawe "yatachaguliwa kwa bahati". Yeye akasikia bahati nasibu. Kulipokucha kitanda kitupu, kijana kapelekwa kwa fundi wa kuunga mifupa na banzi letu mguuni. Walirudi baada ya wiki tatu, mguu umepinda. Yule mama alinipita koridoni bila kunisalimia, na sikumlaumu.

Baada ya hapo nikaanza kueleza kwa mikorosho. Tuseme unataka kujua kipi kinazuia ugonjwa wa ubwiri unga vizuri zaidi, salfa ya unga au dawa ya maji. Ukipuliza salfa kwenye mikorosho michanga yenye afya, dawa ya maji ukaipeleka kwenye mizee iliyochoka, mwisho wa msimu umejifunza nini? Hujajifunza kitu. Ndiyo maana kuna ile bahasha iliyofungwa, ndani imeandikwa njia utakayotibiwa, imepangwa kwa bahati, si kwa kuchaguliwa na mtu. Inamzuia daktari asimpeleke mgonjwa mwenye nafuu upande anaoupenda yeye. Na zile njia mbili zilizomo kwenye bahasha zote zinatumika tayari, ila madaktari wenyewe wamegawanyika ipi bora. Kama hawajagawanyika, kama wanajua ipi inashinda, basi hakuna sababu ya bahasha. Waulize hivyohivyo: "Nyinyi hamjui kweli?" Jibu zuri linaanza na "hatujui".

Hata hapa kwetu limefanyika hilo. Kwenye Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili walilinganisha njia mbili kwa watu wapatao 240 waliovunjika muundi na kidonda wazi: chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa, na kile cha nje chenye pini ambacho sote tunakiita antena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mimi ningeweka dau kwenye chuma cha ndani. Wiki za mwanzo kweli wa chuma cha ndani walijisikia vizuri zaidi, lakini mwaka ulipofika, kwenye maambukizi makubwa na kurudiwa upasuaji tofauti ya kutegemewa haikuonekana. Utafiti mwingine, mkubwa zaidi, ulitolewa mwaka 2015 na uligusa wagonjwa zaidi ya 2,400 katika nchi tano. Waliuliza kitu kidogo kabisa: wakati wa upasuaji, kidonda cha mfupa uliovunjika kioshwe kwa sabuni au kwa maji ya chumvi ya hospitali, na kwa presha kubwa au ndogo? Waliooshwa kwa sabuni walirudi kupasuliwa zaidi, asilimia 14.8 dhidi ya 11.6. Presha haikuleta tofauti. Yaani chupa ya maji ya chumvi iliyotundikwa juu inatosha. Kwa hospitali ya wilaya hiyo ni habari njema kuliko mashine yoyote.

Mambo ya pesa uliza bila haya. Chuma nani analipia? Nauli ya kurudi kliniki inarudishwa, na kwa bei ya basi ya kweli au ya kwenye kitabu chao? Mguu ukipata usaha kwa sababu ya utafiti, matibabu ni juu ya nani? Na kwenye fomu lazima kuwe na namba ya kamati ya maadili, si namba ya mtafiti peke yake. Kama haipo, usisaini.

Lakini lililonifanya niandike ni kurudi.

Kuna mzee mmoja, alivunjika paja baada ya kuanguka kutoka juu ya mnazi, akawekewa chuma cha ndani. Mwaka ulipotimia simu yake haipatikani. Nikapanda pikipiki hadi kijijini kwake, nataja jina lililo kwenye faili, hakuna anayelijua. Huku kwetu mtu ana jina la shule, jina alilotoka nalo jandoni, na kisha ni Baba Fulani. Hospitalini alitoa lile ambalo nyumbani halitumiki. Nilipoketi kwenye bao nikasema "aliyewekewa chuma pajani", wote wakanyoosha kidole upande mmoja.

Nilimkuta chini ya mkorosho, anatenganisha korosho na mabibo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si wa hospitali? Mimi nimepona, umefuata nini?"

Tulikuwa tunatumia kipimo kinachojulikana kama kuchuchumaa na kutabasamu. Kimeenea kupitia SIGN, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 huko Richland, Marekani, ambalo hupeleka vyuma vinavyoweza kuingizwa mfupani bila eksirei ya ndani ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa anachuchumaa, unapiga picha, unatazama kafika chini kiasi gani, kashikilia kitu au hakushika, na uso unasema nini. Nikamwomba achuchumae.

"Si umenikuta nimechuchumaa?"

"Sasa tabasamu."

"Nitabasamu nini, bei ya mnada umeisikia?"

Akacheka mwenyewe, nikapiga. Ukiitazama ile picha vizuri utaona kisigino cha mguu wa chuma kimenyanyuka kidogo, uzito kaulaza upande wa pili. Nikaandika na hilo. Amepona, ndiyo, ila si kama zamani.

Wiki hiyohiyo nikampata mama mmoja Lindi vijijini aliyekuwa akizikata simu zangu. Muundi wake ulikuwa unatoa usaha kwa miezi mitano. Kwa nini hakuja? Alitazama chini: "Niliona nimewaharibia utafiti wenu." Niliumia. Mtu anauguza mguu, na juu yake anaona aibu kwa ajili yetu.

Ona sasa. Wazima wakibaki shambani kuokota korosho, waliorudi kliniki ni wagonjwa tu, na karatasi itasema chuma kile hakifai. Wagonjwa wakijificha kwa aibu, karatasi itasema kinafaa ajabu. Vyote uongo, na hakuna aliyedanganya. Kwa hiyo ukikubali, rudi ukiwa mzima, rudi ukiwa na usaha. Kama uliuchua mguu kwa mtaalamu wa kienyeji katikati, sema, hatufokei, tunaandika. Nanyi watafiti, msiweke tarehe ya kurudi wakati wa korosho halafu mkashangaa.

Nimeona mgonjwa mmoja tu ambaye angeweza kutufundisha sote. Kijana aliyepoteza kipande cha mfupa, akawekewa fremu ya pete kwa njia ya Ilizarov, daktari wa Kurgan, Siberia, aliyegundua kwamba mfupa uliokatwa ukivutwa polepole hujaza pengo wenyewe. Kasi ni milimita 1 kwa siku, robo kwa mara nne. Kijana huyo hakuwa na saa. Alikuwa anazungusha nati baada ya alfajiri, adhuhuri, alasiri na isha, magharibi anaruka, na kila mara anachora mstari kwenye daftari la kumbukumbu za madeni la dukani kwao. Sentimita nne, siku arobaini, kisha miezi ya kungoja mfupa mpya ukomae. Mistari ilikuwa 160, nilihesabu. Daftari lile lilikuwa safi kuliko mafaili yetu.

Binamu yangu alinisikiliza kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema wanataka namba tatu za ndugu ambao hawatabadilisha laini, na yeye kwetu hamwoni hata mmoja.

"Toa ya yule mama wa chapati pale stendi," nikamwambia. "Kila mtu anadaiwa naye, hawezi kubadilisha."