Jibu: Workbench imenichorea majedwali bila mstari hata mmoja

Mkuu, swali lako limenikumbusha mbali. Umerithi hifadhidata ya MySQL, aliyeijenga hapokei simu, nyaraka hakuna, na ulipoiambia MySQL Workbench (programu ya kuchora na kusimamia hifadhidata) ikuchoree modeli, yaani picha ya majedwali na mahusiano yake, imekumwagia masanduku tu, hayajaungana popote. Unauliza umekosea hatua gani. Hujakosea. Workbench inachora kile ambacho hifadhidata yenyewe imekitamka, na yako haijatamka kitu.

Anza na injini za majedwali, yaani sehemu ya MySQL inayohifadhi data ya kila jedwali:

SELECT TABLE_NAME, ENGINE FROM information_schema.TABLES WHERE TABLE_SCHEMA = DATABASE();

Kama mfumo ni wa zamani, uwezekano mkubwa utakuta MyISAM. Ndiyo iliyokuwa injini ya kawaida ya MySQL mpaka toleo la 5.5 lilipotoka mwaka 2010, InnoDB ikashika nafasi. Ukiiandikia MyISAM FOREIGN KEY (ufunguo unaotamka kwamba jedwali hili linategemea lile) inapokea bila kulalamika, kisha haihifadhi. Huenda huyo mtu aliandika mahusiano yote vizuri kabisa na yakapotea siku ileile. Na hata seva ikipandishwa toleo, majedwali ya zamani hubaki MyISAM hadi mtu ayabadilishe.

Mimi yalinikuta kwenye mfumo wa SACCOS moja, majedwali 86. Wiki nzima iliishia kwenye kubahatisha mahusiano kwa kutazama majina ya safu (column). Namba ya mwanachama kwenye `wanachama` iliitwa `namba`, kwenye `mikopo` ikaitwa `mno`, kwenye `marejesho` ikaitwa `ref`. Tena upande mmoja imeandikwa 00417, upande wa pili 417, na safu zote ni VARCHAR (maandishi, si namba), kwa hiyo kwa MySQL hao ni watu wawili. Nilipounganisha, mikopo mingi ikaonekana haina mwenyewe, nikaamini majedwali hayo hayahusiani. Nilipoweka CAST(mno AS UNSIGNED), inayogeuza maandishi kuwa namba, na upande wa `namba` vilevile, mikopo yote ikapata wenyewe isipokuwa michache.

Kilichonitoa ni kuuacha mfumo wenyewe useme. Weka nakala kwenye mashine ya majaribio, washa general_log (logi inayoandika kila amri inayofika MySQL), fungua fomu moja tu, mfano ya kuingiza rejesho, hifadhi, kisha soma logi. Utaona kila amri iliyotumwa na mpangilio wake: jedwali gani limesomwa kwanza, namba gani imebebwa kupelekwa wapi. Ukiona JOIN humo (amri inayounganisha majedwali), huo ni ushahidi, si kubahatisha tena. Nilipita fomu zote hivyo, nikichora kwa penseli, na picha ikaanza kuja. Usiwashe kwenye seva inayofanya kazi, maana faili la logi linavimba haraka. Na nakala hiyo ina simu na madeni ya watu. Kwa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, badilisha majina na namba za simu kabla ya kuibeba kwenye laptop yako.

Logi nayo ina mwisho wake. Safu ya `hali` kwenye `mikopo` ilikuwa na 1, 2, 3 na 9. Tatu za kwanza nilizikuta kwenye msimbo (code) wa PHP wa mfumo, 9 haikuwepo popote. Nikaenda kwa mama wa dirishani, anayepokea fedha. Akasema, "Hiyo tisa mwanangu, mkopo umemwangukia mdhamini." Akafungua kaunta buku, akanionyesha mstari wa wino mwekundu: jina la mkopaji, chini yake majina mawili, na mbele ya kila jina kiasi anachokatwa. Hapo ndipo nilipoelewa zile safu `mdhamini1`, `mdhamini2`, `mdhamini3`. Nilikuwa nimezichora kama maelezo ya mkopo, kumbe udhamini ni kitu kamili kinachosimama kati ya mwanachama na mkopo, kina kiasi chake na tarehe yake. Modeli ikabadilika nusu nzima kwa maongezi ya dakika kumi.

Kwa hiyo chora mbili. Ya kwanza ionyeshe hifadhidata ilivyo, na uchafu wake wote, `mdhamini3` ikiwemo. Ya pili ionyeshe inavyotakiwa kuwa. Ukizichanganya, atakayekuja baada yako hatajua kipi kipo na kipi ulitamani kiwepo.

Ukishafika kuhamia InnoDB na kuongeza funguo za FOREIGN KEY, utakutana na kosa 1452: kuna rekodi yatima, mzazi wake hayupo. Usizime foreign_key_checks (ukaguzi wa funguo hizo) ili lipite. Zitafute kwa LEFT JOIN (huonyesha na rekodi zisizo na mwenza upande wa pili), zichape, kaa na mhasibu mzipitie moja moja. Kwetu rejesho yatima lilikuwa fedha ya mtu aliyelipa kweli.

Tuma hapa majibu ya ile amri ya injini, muundo tu bila data, tuendelee.