Maswali ya wenye malori: dispacha na pesa yako

Maswali ya safari hii yametoka kwa madereva walioko Marekani, wenye lori na namba zao za MC, yaani kibali cha serikali cha kubeba mizigo ya watu kwa malipo, wanaotafutiwa mizigo na madispacha wa kujitegemea. Nimeyafupisha.

Dispacha wangu anataka mabroka wamlipe yeye, akate chake, kisha anitumie inayobaki. Anasema hesabu zinakuwa rahisi. Nikubali?

Usikubali, ndugu yangu. Dispacha ni wakala wako: anatafuta mzigo, anapatana bei kwa niaba yako, anajaza makaratasi. Broka anakaa kati ya mwenye mzigo na mwenye lori, na sheria inamtaka awe na kibali pamoja na dhamana ya dola 75,000, ili asipokulipa uwe na pa kudai. Dispacha hana dhamana hiyo. Siku akizima simu na malipo yako ya wiki yako kwake, utamdai nani?

Tena anajiweka pabaya mwenyewe. FMCSA, wakala wa serikali kuu unaosimamia malori, ulitoa ufafanuzi Juni 2023, na kushika pesa zinazotoka kwa mwenye mzigo kwenda kwa mbebaji ni dalili kubwa kwamba mtu anafanya kazi ya broka, kazi inayohitaji kibali. Basi pesa ije kwako, au kwa kampuni inayonunua ankara zako, halafu dispacha akuletee bili yake umlipe. Aliye safi hatagombana nawe kwa hilo.

Mmoja anataka asilimia 8, mwingine ada moja kila wiki. Nafuu ipi?

Wengi hutoza kati ya asilimia 5 na 10, kwa hiyo 8 si wizi. Cha kuuliza ni asilimia ya nini. Kwa kawaida hukatwa kwenye bei nzima ya mzigo, huku mafuta na maili tupu vikibaki juu yako. Chukua mizigo miwili. Wa kwanza unalipa dola 2,000 kwa maili 800, ila kuufuata utaendesha tupu maili 200. Wa pili unalipa dola 1,700 kwa maili 600, na uko maili 40 tu kutoka ulipo. Dispacha atapata dola 160 kwa wa kwanza na 136 kwa wa pili, kwa hiyo usishangae akiupigia debe wa kwanza. Wewe unayehesabu kila maili tairi zinapozunguka, wa kwanza ni dola 2 kwa maili na wa pili ni zaidi ya dola 2.60, na umebakiwa na maili 360 za kufanyia kazi nyingine.

Halafu kuna swali la kutoka. Mizigo ya kuingia Florida mara nyingi huwa na bei tamu, kwa sababu malori yanaingia kwa wingi na ya kutoka hayana mizigo ya kutosha, yanagombania kilichopo. Dispacha anayejua kazi anatafuta mzigo wa kutoka kabla ya kukupeleka huko. Huyo mlipe hata 10.

Ada ya wiki inaondoa tamaa ya bei kubwa, lakini lori likilala kwa fundi wiki nzima bado unadaiwa. Mimi ningechukua asilimia, nikiwa na haki ya kukataa mzigo wowote bila adhabu na kuvunja mkataba kwa notisi fupi. Mkataba wa kukufunga mwaka mzima sioni unamsaidia nani zaidi yake.

MC yangu ni changa, mabroka wananikataa. Dispacha anasema ana namba ya zamani ya kampuni nyingine, tuitumie.

Kimbia! Likitokea la kutokea, ajali au wizi, kampuni ya bima itauliza mzigo ulikuwa wa nani na lori la nani, na majibu hayatalingana. Mabroka wengine hungoja MC itimize siku 90, wengine miezi sita. Dispacha hawezi kulifuta hilo. Anachoweza ni kujua nani hupokea wachanga. Njia halali ni kulikodisha lori lako kwa kampuni yenye namba, kwa mkataba wa maandishi, na ubebe kwa jina lao wazi.

Nilikaa ghalani saa 6 nikisubiri kupakuliwa. Dispacha anasema hakuna malipo.

Fungua hati ya bei, ile uliyotumiwa kabla ya kupakia. Kwa kawaida saa 2 za kwanza ni bure, kisha unalipwa kwa saa, ila kwa masharti: broka ajulishwe mapema, na saa ya kuingia na ya kutoka ziandikwe kwenye hati ya shehena, zisainiwe na mtu wa ghala. Bila saini hiyo, unadai kwa mdomo tu.

Ukiwa na hati ya bei mkononi, angalia pia jina na namba ya MC ya broka. Barua pepe ikiwa na jina moja na hati jina jingine, piga simu iliyo kwenye rejista ya FMCSA, uache ile uliyotumiwa. Mizigo mingi inayouzwa mara mbili, yaani aliyepewa kuibeba anampa mwingine kinyemela, hunaswa hapo.

Dispacha ananisukuma niendelee wakati saa zangu za kuendesha zimekwisha.

Sheria inaruhusu saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14, baada ya mapumziko ya saa 10. Kwenye ukaguzi anayesimamishwa ni wewe. Dispacha huenda hata yuko nchi nyingine. Mwandikie ujumbe kwamba saa zinaisha na miadi ipangwe upya, ili ushahidi ubaki. Broka au mpokeaji akitishia kukunyima kazi kwa sababu hiyo, ni shuruti iliyokatazwa, na una siku 90 za kulalamika FMCSA. Dispacha asiyekoma, achana naye.

Lazima niwe na dispacha?

Hapana. Bodi za mizigo, yaani tovuti zinazotangaza mizigo, kama DAT na Truckstop, unajiunga mwenyewe kwa ada ya mwezi. Ugumu ni kupatana bei ukiwa umeshika usukani, na hapo ndipo dispacha anapostahili pesa yake. Ukimchukua, sharti kila hati ya bei ije pia kwenye barua pepe yako, maana majina na simu za mabroka zimo humo, na siku mkiachana utazihitaji.