Kiberiti kilichoniokoa kwenye mtihani wa michoro

Juzi kijana mmoja wa kidato cha nne kaniandikia: "Kaka shikamoo. Moko ya michoro ya ufundi nimepata F, nifanyeje?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. F hiyo naifahamu, na mimi niliipata.

Tulipewa isometriki, yaani mchoro unaoonyesha pande tatu za kitu kwa pamoja, ya kipande cha chuma chenye tundu, tuchore mwonekano wa mbele, wa juu na wa upande wa kushoto, kwa mpangilio uitwao pembe ya kwanza. Nilichora safi, hata tundu nililionyesha kwa mistari ya vipandevipande kule lisikoonekana. Ila wa juu niliuweka juu, wa kushoto nikauweka kushoto. Hiyo ni pembe ya tatu, mpangilio wa Wamarekani. Mwalimu akaiinua karatasi yangu mbele ya darasa, akasema huyu akajenge banda la kuku, na kuku wenyewe watalihama. Wakacheka mpaka dirishani. Miaka imepita, lakini nikikumbuka masikio bado yanapata moto.

Usiku ule bwenini nikachukua kiberiti, nikakiandika kwa kalamu: mbele, juu, kushoto. Nikakilaza katikati ya karatasi, "mbele" ikitazama dari. Nikakibingirisha mara moja kwenda kulia: "kushoto" ikatokea. Nikakirudisha, nikakibingirisha kuja kwangu: "juu" ikatokea. Kumbe ndiyo hivyo! Unachora kilichotokea, palepale kilipotua. Kwa hiyo mwonekano wa juu unakaa chini, wa kushoto unakaa kulia. Miezi mitatu nilikaririshwa jambo ambalo kiberiti kilinionyesha kwa dakika moja.

Wiki zilizofuata sina la kusimulia, ni kuchora tu. Mtihani wa mwisho nikapata B, na leo mafundi wa kuchomelea mageti hapa mtaani huniletea michoro niwasomee. Yule mwalimu sijui kama ana habari.

Basi mdogo wangu, tafuta kiberiti. Penseli ya 2H iwe ya mistari ya kuanzia, HB ya kukolezea, zote uzinoe kwa msasa. Seti skwea, ile rula ya pembetatu, ifute kwa kitambaa, maana inabeba vumbi la penseli na kulipaka karatasi nzima. Kwenye isometriki, pima kwenye mistari ya wima na ile ya nyuzi 30 tu. Mstari wa mteremko mwingine wowote usiuwekee rula kupima, tafuta ncha zake mbili kwanza ndipo uziunganishe. Halafu chora, na chora tena. Siku hizi mnatazama video za michoro mmelala chali, simu kifuani, mnasema mmerudia somo. Mmerudia nini? Bikari hata haijatoka kwenye mkebe!

Jana usiku kanitumia picha ya kiberiti chake. Neno "kushoto" kaliandika ubavu wa kulia. Nimemwambia afute, akibingirishe upya.